Funga Swichi: Uhakiki wa Kijitabu cha Mafundi wa Mitambo ya Mawasiliano

Si kawaida ya kijarida chetu kuhakiki kitabu cha mafundi. Kurasa hizi zimezoea riwaya, tamthilia na diwani, na mara moja moja kitabu cha sarufi. Lakini muhula uliopita wanafunzi wanne wa darasa letu la jioni, wote mafundi wa mitambo ya mawasiliano hapa Kampala, walituletea kijitabu cha kurasa 38 wakatuomba tukisahihishe. Kinaeleza namna ya kufunga na kusanidi mitambo ya mtandao katika raki: swichi, ruta, paneli za mkongo, betri na vifaa vya umeme. Kiliandikwa kwa Kiingereza kisha kikatafsiriwa kwa Kiswahili. Jina la mfasiri halimo, na kwa jinsi tafsiri yenyewe ilivyo tunashuku kwamba kompyuta ilifanya sehemu kubwa ya kazi, binadamu akapita nyuma yake kwa haraka.

Mwanzoni tulisita. Sisi ni watu wa lugha, na wengi wetu hatujawahi kushika bisibisi ndani ya chumba cha mitambo. Tulikubali baada ya kusikia kisa alichotusimulia mmoja wa wanafunzi hao, na kwa kuwa kisa hicho ndicho kiini cha uhakiki huu, tutakieleza kwanza.

Alikuwa peke yake katika chumba cha mitambo nje ya mji. Mkubwa wake wa kazi, mtu wa Mombasa, alikuwa kwenye simu akimwelekeza. Akamwambia, "Funga hiyo swichi mpya ya juu, halafu unipigie." Kijana amekulia Fort Portal, na Kiswahili chake alikipata kwa majirani wa kambi ya polisi. Akatazama juu ya raki, akaona swichi iliyoletwa mwezi uliopita, taa zake zikimetameta. Akaifunga. Akapiga simu.

"Mzee, nimeshafunga."

"Imewaka?"

"Hapana, mzee. Si umesema nifunge?"

Swichi mpya aliyokusudia mzee ilikuwa bado ndani ya boksi sakafuni. Ile iliyozimwa ilikuwa inabeba mawasiliano ya ofisi kadhaa za wilaya, na mchana ule watu walikaa kwenye foleni wasijue kwa nini hawahudumiwi. Kijana alipewa barua ya onyo. Alipotusimulia alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Mwalimu, katika Kiswahili sanifu, nani alikosea?"

Jibu letu la leo ni kwamba hakuna aliyekosea. Kwa mtu wa pwani, na katika Kiswahili cha vitabuni, kufunga mtambo ni kuuweka mahali pake na kuukaza. Taa huzimwa, haifungwi. Lakini katika Kiswahili cha bara, kuanzia sehemu nyingi za Kenya mpaka kwetu Uganda na Kongo, watu hufunga redio, hufunga taa na hufunga maji, kisha huvifungua. Si Kiswahili kibovu. Ni matumizi ya mamilioni ya watu. Sasa ongeza mwalimu wa fizikia, ambaye akisema swichi imefungwa ana maana kwamba mkondo wa umeme umekamilika na umeme unapita, yaani kinyume kabisa cha alivyoelewa kijana wetu. Ongeza tena mlango wa kabati la mitambo, ambao hufungwa kwa ufunguo. Na neno swichi lenyewe lina mawili: kidude cha ukutani cha kuwashia taa, na mtambo wenye matundu 24 au 48 unaounganisha kompyuta. Amri ya maneno mawili, funga swichi, ina tafsiri nne au tano, na angalau mbili kati yake zinapingana.

Kijitabu tulicholetewa hakijui kwamba tatizo hili lipo. Karibu kila ukurasa kuna kufunga. Ukurasa wa 6 swichi inafungwa, maana yake inakazwa kwa skrubu. Ukurasa wa 11 swichi inafungwa tena, maana yake inazimwa kabla ya kubadilisha kifaa cha umeme. Ukurasa wa 27 milango isiyotumika inafungwa, na hapa mfasiri ana maana ya matundu ya mtandao yaliyozuiwa kwa amri ili mtu asichomeke kompyuta yake ovyo. Msomaji anayefahamu kazi atajitafutia njia. Anayejifunza ndiye atakayeumia, na kijitabu kimeandikwa kwa ajili yake.

Tuseme wazi kwamba kijitabu kina mema yake. Hadi miaka michache iliyopita mafundi hawa hawakuwa na karatasi hata moja ya Kiswahili, ilhali Kiswahili ndicho wanachofanyia kazi. Uganda haina bahari. Mawasiliano yake ya intaneti kwa sehemu kubwa husafiri kwa mkongo ardhini hadi pwani, ambako nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na EASSy zilianza kutoa huduma mwaka 2009 na 2010. Kazi hiyo huwakutanisha katika chumba kimoja mtu wa Mbale, mtu wa Eldoret, mtu wa Bukoba, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtu wa Bukavu naye si mgeni. Kiganda hakiwatoshi wote, na Kiingereza cha vitabu vya mitambo kila mmoja anakijua kwa kiasi chake. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Chumba cha mitambo hakikusubiri utekelezaji.

Kwa hiyo kutafsiri kijitabu lilikuwa wazo zuri. Picha zake ni safi, vipimo vimehifadhiwa, na neno usanidi limetumika kwa maana moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: kumpa mtambo jina lake, nywila, anwani na kanuni za kazi. Hapo mfasiri, au kompyuta yake, anastahili pongezi. Hata tofauti ya kumbukumbu mbili za mtambo, ile inayofanya kazi sasa na ile itakayosomwa mtambo ukiwaka upya, imeelezwa vizuri, pamoja na onyo kwamba usipohifadhi, umeme ukikatika kazi yote inapotea. Onyo hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kampala.

Tatizo linarudi tunapofika kwenye jina la kitu kikuu chenyewe. Mitambo hii hufungwa katika fremu ya chuma yenye nguzo mbili au nne, na uso wa mtambo una upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6. Kijitabu kinaiita fremu hiyo rafu katika sura ya kwanza, kabati katika sura ya pili, na reki katika jedwali la mwisho. Reki, kwa yeyote aliyefagia uwanja wa shule, ni kifaa chenye meno cha kukokotea majani. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, asiye fundi, tulipompa jedwali lile alituuliza kama chumba cha mitambo kina bustani.

Rafu ni kosa la hatari zaidi kuliko reki, kwa sababu halichekeshi. Kwenye rafu kitu hukaa, hubebwa kutoka chini. Kwenye fremu hii mtambo hauketi. Unashikwa kwa vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande, ambavyo mafundi huviita masikio, vilivyokazwa kwenye nguzo. Zaidi ya hayo, rafu za kweli zimo ndani ya fremu hizo, kwa ajili ya vifaa visivyo na masikio. Tukiita fremu rafu, tutalazimika kumwambia fundi afunge rafu kwenye rafu, na ukurasa wa 9 unamwambia hivyo hivyo. Kabati linafaa pale tu fremu ina milango na kuta. Yenye nguzo mbili wazi si kabati kwa mtu yeyote. Mafundi wenyewe husema raki, na sisi tumekubali raki, ngeli ya 9 na 10, bila aibu.

Baadhi ya wenzetu idarani hawakufurahi. Walisema kazi ya idara ya Kiswahili si kubariki maneno ya mkopo, na kwamba tungeweza kubuni. Mmoja alipendekeza tuache kufunga na kutumia pachika kwa mitambo ya raki. Tulilipeleka neno hilo kwa mafundi. Walicheka. Kwao unapachika ua kwenye nywele au kalamu sikioni, kitu ambacho upepo ukivuma kinaanguka. Mtambo wa kilo 20 ukiambiwa umepachikwa, hakuna atakayesimama chini yake. Mwenzetu alikubali, ila si kwa furaha.

Hapa inafaa tujihakiki na sisi. Kiswahili hakikukosa juhudi za istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Maneno kama sakinisha, yaani kuiweka programu ikae ndani ya kompyuta kama mtu anavyosakini mahali, yameingia katika matumizi na yanaeleweka. Lakini istilahi hizo nyingi ni nomino na vitenzi vya mtu aliyekaa mbele ya kioo. Fundi anayelala chini ya raki na tochi mdomoni hakufikiriwa, na sisi tuliofundisha istilahi kwa miaka mingi tulimpa mwanafunzi orodha ya maneno akariri kwa mtihani. Hatukumwuliza kama maneno hayo yanaweza kutamkwa kwa simu, kukiwa na kelele za feni, yakaeleweka mara moja. Ndiyo maana tunalikataa neno lemaza kwa ajili ya kuzuia tundu la mtandao. Linatumika katika menyu fulani za programu, lakini kwa masikio ya wengi ni kumtia mtu kilema. Zima inatosha.

Baada ya istilahi, sentensi. Wahakiki wa tafsiri hupenda kukaa kwenye maneno, lakini katika kijitabu hiki sentensi zina madhara kuliko maneno. Mfano wa kwanza ni mpangilio wa matendo. Kijitabu kinamwambia fundi awashe mtambo baada ya kuunganisha waya wa ethi. Kisarufi hakuna kasoro. Tatizo ni namna kijitabu kinavyosomwa: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine mikono yake imo ndani ya raki. Huyu wa pili anasikia washa, na anawasha. Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaomlinda asipigwe na umeme, unatajwa mkono ukiwa tayari umeshafika kwenye swichi ya umeme. Kiswahili kina njia nzuri ya kufuata mikono, nayo ni ile -kisha- na ndipo: ukishaunganisha waya wa ethi, ndipo uwashe. Kuna pia kabla hujawasha, ambayo humsimamisha mtu kabla ya tendo. Mfasiri amezitupa zote kwa ajili ya baada ya, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kilivyopanga.

Mfano wa pili ni kauli ya kutendwa. Umeme uzimwe, inapaswa kuhakikishwa, nyaya ziwekwe alama. Na nani? Katika chumba cha watu wanne, uzimwe humwacha kila mmoja akidhani mwenzake amezima. Mafundi walituambia kwamba msimamizi mzuri humtaja mtu: wewe zima, wewe shika. Kijitabu hakiwezi kutaja majina, lakini kinaweza kusema zima, kisha hakikisha mwenyewe kwa mita.

Kuna jambo dogo kwa macho ambalo lilitutia hofu kuliko yote. Mitambo mingi ya mawasiliano haitumii umeme wa ukutani bali umeme wa betri wa volti 48, na kwa desturi ya kazi hiyo upande wa chanya ndio unaounganishwa na ethi, kwa hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa mbele: hasi 48. Fundi aliyezoea gari, ambako kwa kawaida hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, anahitaji kuonywa. Katika kijitabu, thamani hiyo iko mwanzoni mwa mstari ndani ya orodha. Mfasiri akadhani kile kistari ni alama ya orodha tu, akakibadilisha kuwa nukta kama zilizo kwenye mistari mingine. Imebaki 48. Neno hasi halimo popote katika ukurasa wa 14. Hakuna mwalimu wa fasihi ambaye angeliona kosa hilo, na sisi hatukuliona. Aliliona mwanafunzi wa Bukoba, akanyamaza kwanza, halafu akauliza kwa upole, "Mwalimu, hapa pameandikwa nini?"

Vipimo vya matundu navyo vinataka maelezo. Urefu wa kwenda juu wa raki hugawanywa katika sehemu za milimita 44.45, kila moja ikiitwa U, na raki ndefu ya kawaida ina U 42. Kila U ina matundu matatu, lakini nafasi kati yake hazilingani: milimita 15.875, tena 15.875, halafu 12.7 kuvuka kwenda U inayofuata. Kijitabu kinasema hesabu matundu matatu. Kuanzia wapi? Ukianzia tundu la kati utapanda mpaka nusu ya U ya juu yake, na mtambo unaofuata hautaingia. Tulipendekeza hivi: tafuta matundu mawili yaliyokaribiana, mpaka wa U unapita katikati yake, anzia tundu la juu yake. Ni maneno mengi kuliko ya kijitabu, lakini mwanafunzi asiye fundi aliweza kuyafuata kwa kidole kwenye picha. Kuhusu nati za mraba zinazobanwa ndani ya matundu hayo, ambazo kijitabu kinaziita njugu, hatuna la kuongeza.

Neno mbele pia lilituchukua jioni nzima. Hewa ya kupoza mitambo kwa kawaida huingia upande mmoja na kutokea mwingine, na kijitabu kinaonya usizibe mbele ya mtambo. Lakini mbele ya kituo cha mafuta, kwa mtu anayeelekezwa njia, ni ng'ambo yake, baada ya kukipita. Anayesimama nyuma ya raki na kuambiwa mbele ana haki ya kuuliza mbele ya nani. Mafundi wanasema uso na mgongo. Mtambo una uso, una mgongo, una masikio. Tuliyachukua maneno hayo yote matatu na tukafuta mbele na nyuma kila yalipoonekana.

Sura ya usanidi ina kosa moja kubwa ambalo linaelezeka upesi. Mfasiri ametafsiri amri zenyewe. Mtambo unaelewa herufi ulizofundishwa na mtengenezaji, na ukiuandikia kwa Kiswahili utakujibu kwamba haujui unachosema. Amri za kuandikwa zibaki kama zilivyo, zichapwe kwa herufi za aina nyingine, na Kiswahili kieleze kando yake amri inafanya nini. Maelezo hayo yanataka uangalifu. Kwa mitambo ya Cisco na mingine inayoifuata, tundu la ruta huwashwa kwa amri ya no shutdown, yaani kwa kukanusha kuzimwa. Kijitabu kimeandika usifunge. Tumeandika: amri hii inawasha tundu.

Tukirudi kwenye funga, uamuzi wetu na mafundi ni huu. Kufunga kutatumika kwa kukaza mtambo tu, na kamwe hakutaandikwa bila mahali: funga swichi kwenye raki, U ya 12. Kwa umeme na kwa matundu ya mtandao ni kuwasha na kuzima. Programu inasakinishwa. Mlango wa kabati unafungwa kwa ufunguo, na neno ufunguo liwepo. Kijana wa Fort Portal aliuliza kama mkubwa wake wa Mombasa atasoma kijitabu kipya. Hatukuwa na jibu, ila tulimwambia kwamba naye anaweza kumjibu mzee kwenye simu, "Nifunge kwenye raki, au nizime?"

Bado hatujakubaliana kuhusu matundu ya mtandao. Mfasiri aliyaita bandari mahali pamoja na milango kwingine. Bandari tumeiachia Mombasa. Wanaopenda lango wana hoja, lakini lango tayari linatumika kwa anwani ile ambayo mtambo huitumia kutokea nje ya mtandao wake, na malango mawili katika sentensi moja yatatuletea kisa kingine cha barua ya onyo. Mafundi wanasema poti. Mwenzetu wa pachika anapinga. Nakala iliyosahihishwa, kurasa 1 hadi 26, iko ofisini kwa katibu wa idara kwa yeyote anayetaka kuisoma na kuichora kwa kalamu nyekundu; kurasa zilizobaki zinamsubiri fundi wa kuketi nasi siku ya Alhamisi jioni.